Juma la Mwalimu: Kazi na Matembezi katika Shajara ya Lafcadio Hearn

Mwalimu aendaye kufundisha lugha katika nchi ya ugenini huishi juma lenye sehemu mbili. Siku za kazi yumo darasani, saa zake zimehesabiwa na mshahara wake umeandikwa. Siku za mapumziko hutoka, akatazama milima, mahekalu na masoko, na jioni akarudi na daftari lililojaa. Vitabu vingi vya walimu wa namna hii vimetungwa kutokana na sehemu ya pili peke yake. Darasa hutajwa katika kurasa mbili tatu za mwanzo, kisha husukumwa uvunguni kama chombo cha kazi mgeni abishapo hodi, na msomaji hubaki na matembezi. Kasoro ya vitabu hivyo haitokani na matembezi yenyewe. Hutokana na kuwa mtembezi hana wa kumjibu. Mlima haumsahihishi mtu akiusifu kupita kiasi, wala hekalu halimwulizi aliyelitazama kwa nusu saa ameelewa nini.

Kipo kitabu kimoja cha zamani ambamo sehemu zote mbili za juma zimo, tena zimekaa karibu karibu hata msomaji aweza kuzipambanisha. Nacho ni Glimpses of Unfamiliar Japan cha Lafcadio Hearn, kilichotolewa katika juzuu mbili mwaka 1894. Wengi wakijuao wanakijua kwa habari za mahekalu, bustani, mbweha na mizimu ya Japani. Lakini ndani yake mna sura ndefu iitwayo From the Diary of an English Teacher, yaani maneno yaliyochukuliwa katika shajara ya mwalimu wa Kiingereza, na sura hiyo, isiyo na mzimu hata mmoja, yastahili kusomwa kwa makini kuliko nyingine zote. Husahihisha kitabu kizima, na aghalabu hukisahihisha bila mwenyewe mwandishi kujua.

Hearn alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Lefkada, kwa mama wa Kiyunani na baba wa Kiairishi aliyekuwa daktari katika jeshi la Uingereza. Alilelewa Dublin, akapoteza jicho lake la kushoto angali mwanafunzi, na mwaka 1869 akavuka bahari kwenda Marekani, ambako aliishi kwa kuandika katika magazeti ya Cincinnati na New Orleans. Alifika Yokohama mwezi wa Aprili 1890 akiwa mwandishi aliyetumwa kuleta habari za Japani, akagombana na waliomtuma, akabaki hana kazi. Basil Hall Chamberlain, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Mfalme cha Tokyo, alimsaidia kupata nafasi ya ualimu. Basi mtu wa miaka arobaini, asiyejua Kijapani, ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa kuandika magazetini, alijikuta mwalimu katika mji wa Matsue, mkoa wa Shimane, kwa mkataba wa mwaka mmoja na mshahara wa yen 100 kwa mwezi. Shajara huanza tarehe 2 Septemba 1890, siku aliyoingia kazini.

Matsue umekaa baina ya ziwa Shinji na maji ya Nakaumi, karibu na pwani ya Bahari ya Japani, katika nchi iliyoitwa Izumo tangu kale. Ni mji wa mifereji na madaraja, wenye ngome ya mbao iliyomalizika mwaka 1611. Hearn aliusikia kabla ya kuuona vizuri. Sauti ya kwanza ya alfajiri aliyoiandika ni pigo la mchi mzito wa kutwangia mpunga, pigo ambalo kwake lilikuwa kama moyo wa mji; kisha kengele ya hekalu, kisha wachuuzi wakinadi mboga na kuni, kisha vishindo vya makofi ya watu waliosimama kando ya mto wakilisalimu jua. Kurasa hizo ni miongoni mwa zilizo bora kabisa alizoandika, na sababu yake si ngumu kuipata. Jicho lake lililobaki lilikuwa dhaifu mno, hata alizoea kubeba darubini ndogo ya mkononi ili aone vilivyo mbali. Mtu wa namna hiyo huutegemea usikivu wake, na akitazama, hutazama vitu vidogo vilivyo karibu na uso.

Tabia hiyo ya macho ndiyo iliyoyaumba matembezi yake. Katika mwezi ule ule wa Septemba alivuka ziwa kwa meli ndogo ya moshi, akaendelea kwa riksho mpaka Kitsuki, kwenye hekalu kuu la Izumo, akiwa na barua ya kumtambulisha. Huko alipokewa na kuhani mkuu wa ukoo wa Senge, akaruhusiwa kuingia ndani mahali ambapo hakuna Mzungu aliyekwisha kuruhusiwa kabla yake. Safari nyingine ilikuwa ya kwenda Mionoseki, bandari ambayo mungu wake huchukia kuku na mayai, hata mtu aliyekula yai asubuhi hathubutu kupanda chombo kiendacho huko. Nyingine ilikuwa ya kwenda Kaka, kwa mashua, siku ambayo bahari imetulia, kwa kuwa wenyeji walisema mtu asiende Kaka ukiwapo upepo wa kutikisa nywele tatu. Kuna pango huko ambamo roho za watoto waliokufa husemwa kuwa hujenga minara midogo ya mawe usiku kucha. Hearn aliona minara hiyo, akaona alama za nyayo ndogo katika mchanga, akaona viatu vidogo vya nyasi vilivyoachwa na mahujaji ili miguu ya watoto isiumizwe na mawe. Viatu hivyo ndivyo msomaji abakivyo navyo baada ya kufunga kitabu. Mwandishi mwenye macho mazima angeleta bahari na majabali. Huyu alileta viatu.

Pamoja na uzuri huo wote, matembezi haya yana ukimya unaoanza kumsumbua msomaji baada ya sura ya tatu au ya nne. Wenyeji wa safarini hutabasamu, huinama, huleta chai, hueleza habari ya mungu wao, kisha hutoweka. Hakuna mwenye haraka, hakuna mwenye deni, hakuna anayemkatalia mgeni jambo ila kwa upole. Hearn alikuwa na mkalimani kijana aitwaye Akira, na kila neno la vijijini lilipita kwanza katika kinywa cha Akira. Lakini mara chache humkumbusha msomaji jambo hilo. Kila alichokitazama alikitazama kama mtu aliyefika usiku wa mwisho wa sherehe, akijua kuwa kesho mapambo yatashushwa. Japani ya kale ilikuwa ikifa, ndivyo alivyoamini, na yeye amekuja kuandika uso wake kabla haujafunikwa.

Na nani aliyekuwa akiifunika? Hapo ndipo shajara ya mwalimu iingiapo.

Shule ya kati ya Matsue ilikuwa nyumba ya mbao ya ghorofa mbili, imejengwa kwa namna ya Kizungu na kupakwa rangi ya kijivu iliyoiva, yenye wanafunzi karibu 300. Ng'ambo ya uwanja ule ule kilisimama chuo cha walimu, kikubwa zaidi na cheupe, ambacho wanafunzi wake waliishi humo humo kwa nidhamu ya kijeshi, bila ya kulipa ada, kwa sharti kwamba wakihitimu watafundisha kwa ajili ya Serikali. Hearn aliajiriwa na nyumba hizo mbili. Mji ulikuwa na hekalu katika kila mtaa. Mshahara wake ulitoka katika majengo yaliyojengwa ili watoto wa hekalu wapate kuwa watu wa namna nyingine. Jumatatu hufundisha Kiingereza. Jumamosi hupanda meli kwenda kutafuta mahali ambapo Kiingereza hakijafika. Mtu huyo mmoja, kwa mikono yake miwili, alikuwa akilipwa kufanya lile alilolililia.

Haifai kumlaumu kwa haraka. Japani haikumwita mwalimu wa lugha kwa kupenda lugha. Manowari za Marekani zilikuwa zimeilazimisha kufungua milango mwaka 1853 na 1854, mikataba isiyo ya haki ikafuata, na mikataba hiyo haikuanza kufutwa mpaka mwaka ule ule wa 1894 kitabu hiki kilipotoka. Serikali ya Meiji ilikodi wageni, ikawalipa vizuri, ikajifunza kwao, na mkataba ulipokwisha ikawaweka wenyeji mahali pao. Wanafunzi wa Matsue walijifunza Kiingereza ili nchi yao isitawaliwe na wenye Kiingereza. Mwalimu wao hakuwa bwana wao. Hearn aliliona jambo hilo upesi, tena alilipenda: aliandika kwamba mwalimu wa Kijapani husimama mbele ya wanafunzi wake kama ndugu mkubwa, halazimishi nia yake juu yao, wala hatoi adhabu za aibu, na wanafunzi wakimkataa mwalimu asiyefaa, mkubwa wa shule huwasikiliza.

Katika mwaka huo huo wa 1894, kwa sadfa, mwalimu mwingine wa lugha ugenini alichapishiwa maelezo yake Berlin. Amur bin Nasur, mtu wa Unguja, alifundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki ya mji huo tangu 1891 hata 1895, na habari zake zimo katika mkusanyo wa maandiko ya Kiswahili uliotolewa na C. G. Büttner. Waalimu hawa wawili wasingeweza kujuana, na vitabu vyao havilingani kwa ukubwa wala kwa nia. Ila kuwaweka pamoja huonyesha upande wa mizani. Amur aliwafundisha lugha ya kwao watu waliokuwa wakijiandaa kwenda kutawala huko kwao. Hearn aliwafundisha lugha ya wenye nguvu watu waliokataa kutawaliwa. Kazi ni moja, ubao ni mmoja na chaki ni moja, lakini maneno yaandikwayo ubaoni hayaendi mahali pamoja. Anayesoma shajara ya mwalimu yeyote wa ugenini afadhali aanze kwa kuuliza lugha ile inafundishwa kwa faida ya nani, kabla hajauliza milima ilikuwa na rangi gani.

Turufu ya shajara ya Hearn ni insha za wanafunzi. Aliwapa mada kama mwezi, au ua la botan ambalo Wajapani hulitukuza, kisha akanakili walichoandika kwa Kiingereza chao chenye makosa. Jambo la kwanza alilolitambua ni kwamba insha ishirini juu ya mada moja zilifanana kwa mawazo na kwa mifano. Mwalimu mwingine angesema wanaibiana. Hearn alifahamu kwamba katika elimu yao mfano mzuri ni mali ya wote, umerithiwa, na mwanafunzi husifiwa kwa kuutumia mahali pake, si kwa kubuni mpya. Mtu aliyezoea utenzi na malumbano ya washairi hatashangazwa na hilo hata kidogo. Lakini kwa msomaji wa Uingereza au Marekani wa zama zile ilikuwa habari ngeni, nayo ilitoka darasani, katika kusahihisha madaftari, haikutoka katika pango lolote.

Katika mazungumzo ya darasani ndipo mwalimu naye anapopimwa. Mwanafunzi mmoja amesikia kwamba Mzungu akianguka baharini pamoja na baba yake na mke wake, naye peke yake ndiye ajuaye kuogelea, atamwokoa mke kwanza. Je, ni kweli? Mwalimu anajibu kwamba huenda ikawa kweli. Mwanafunzi anataka sababu. Mwalimu anaeleza wajibu wa kumsaidia kwanza aliye dhaifu. Basi kijana anauliza kama Mzungu humpenda mkewe kuliko baba na mama, na akisha kuambiwa kuwa mara nyingi ndivyo, anasema kwa adabu zote kwamba kwa fikira za kwao jambo hilo ni uovu mkubwa. Mazungumzo hayo hayachukui hata ukurasa mzima, nayo yana uzito kuliko safari zote za mashua. Huku mgeni ndiye anayetazamwa. Desturi yake ndiyo iliyowekwa mezani na kugeuzwa geuzwa kama kitu kilichookotwa ufukoni.

Swali la kijana yule lina mwangwi ambao Hearn hakuukusudia. Mapema mwaka 1891, baada ya baridi kali iliyomlaza kitandani, aliingia nyumbani mwake Koizumi Setsu, binti wa ukoo wa kisamurai uliofilisika baada ya mageuzi ya 1868. Akawa mkewe. Ndiye aliyeitunza nyumba ya kisamurai karibu na ngome, ile yenye bustani iliyoelezwa katika sura nzima ya kitabu, na ambayo hata leo huhifadhiwa na kuonyeshwa kwa wageni. Baadaye ndiye aliyemsimulia hadithi nyingi alizoziandika upya, mojawapo ya makusanyo hayo ikiwa Kwaidan ya 1904. Na katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1914, Setsu alieleza kwamba mumewe hakutaka amsomee kitabu, alitaka amwambie kwa maneno yake mwenyewe. Mtafute sasa Setsu katika Glimpses of Unfamiliar Japan. Jina lake halimo. Bustani imo, vyura wamo, paka wamo, mawe yamehesabiwa. Mwanamke aliyekuwa akifungua madirisha ya nyumba ile asubuhi hayumo. Huenda ilikuwa ni staha, kwa kuwa ndoa yao haikukamilishwa kisheria mpaka Hearn alipopata uraia wa Japani mwaka 1896 na kuitwa Koizumi Yakumo. Staha ni sababu njema. Hata hivyo msomaji ana haki ya kusema kwamba mwandishi aliyewaambia wanafunzi kuwa Mzungu humwokoa mkewe kwanza, katika kitabu chake alimwacha majini.

Liko doa jingine, nalo ni la hatari zaidi. Tarehe 30 Oktoba 1890, Hearn akiwa na miezi miwili tu kazini, Mfalme Meiji alitoa waraka wake juu ya elimu, ambao ulisomwa kwa heshima kubwa katika shule zote. Shajara hueleza sherehe za namna hiyo kwa upendo. Mwanafunzi anapoeleza habari ya mgeni aliyewaambia kuwa kuinamia picha ya Mfalme ni ushenzi, Hearn humtetea kijana: kumheshimu Mfalme na kuzitii sheria zake ni wajibu ulio mkuu. Kwa siku ile jibu lilikuwa la uungwana, maana mgeni aliyetangulia alikuwa ametukana. Ila waraka ule, kwa zaidi ya nusu karne, ulitumiwa kuwafunga watoto wa shule katika utii usiouliza, mpaka vita ilipokwisha mwaka 1945 na Bunge kuufuta mwaka 1948. Hearn hakuweza kuyajua hayo. Aliweza, hata hivyo, kutambua kwamba utii uliofundishwa shuleni kwa saa na kwa kengele ulikuwa kitu kipya, kilichoshonwa katika mwaka wake mwenyewe, wala haukuwa ule utii wa kale alioufuata mpaka Kitsuki. Hakutambua. Mtu apendaye mambo ya kale hudanganyika kwa urahisi na jambo jipya lililovaa nguo za zamani.

Baada ya makosa hayo mawili kuhesabiwa, zimebaki kurasa ambazo zinamwokoa Hearn, nazo ni zile za wanafunzi wanaofika nyumbani kwake jioni. Huwataja kwa majina: Otani Masanobu, Adzukizawa, Ishihara, Shida, Yokogi. Huja wawili au watatu, hukaa kimya kwa adabu, huleta kitu cha kale cha kwao ili mwalimu akitazame, huondoka. Wawili kati yao, Shida na Yokogi, walifariki wangali wanafunzi.

Yokogi alikuwa mtoto wa seremala. Wazazi wake hawakuweza kulipa karo ya shule ya kati, lakini akili yake ilionekana mapema, na tajiri mmoja akajitolea kumsomesha. Alipougua ugonjwa uliomwua, aliomba usiku mmoja apelekwe akaione shule. Wazazi hawakuwa na moyo wa kumkatalia. Mzee aliyekuwa mtumishi wa nyumba alimbeba mgongoni, wakapita njia zilizokuwa tupu, mpaka mbele ya nyumba ile kubwa yenye giza. Kijana aliyatazama madirisha ya darasa lake, akaridhika, akarudishwa nyumbani kufa.

Hearn huisimulia habari hii bila ya kuifafanua, na katika kitabu chenye maelezo mengi hivi ukimya huo ni sifa. Lakini msomaji aliyekwisha kuyafuata matembezi yake hawezi kuupita ukurasa ule bila ya kusimama. Kijana huyu ni wa Izumo, nchi ya miungu, mzaliwa wa mji ambao mwalimu alivuka dunia kuja kuutazama. Anakufa, ana ombi moja tu, na haombi kupelekwa hekaluni. Anaomba kupelekwa kwenye nyumba ya kijivu ya namna ya Kizungu, ile ambayo Hearn huielezea katika shajara. Kwa Yokogi nyumba ile haikuwa ya kigeni. Humo ndimo mtoto wa seremala alimopata kuwa wa kwanza. Japani ya kale, ambayo mwalimu aliipenda hata akailia, isingempa mtoto huyo dawati. Hakuna hoja yoyote iliyoandikwa na wapinzani wa Hearn iliyo na nguvu kama madirisha yale, na aliyeyaweka kitabuni ni Hearn mwenyewe.

Wako wanaosema kwamba wanafunzi wa Matsue wamepakwa asali. Shaka hiyo si bure. Natsume Soseki, aliyekuja kushika nafasi ya Hearn katika Chuo Kikuu cha Mfalme cha Tokyo mwaka 1903, naye aliwahi kufundisha Kiingereza katika shule ya kati ya mji mdogo, Matsuyama, mwaka 1895; na katika hadithi yake Botchan ya 1906 wanafunzi wa mji wa namna hiyo humtia mwalimu wao panzi kitandani, humpeleleza bakuli ngapi za tambi amekula, na kesho yake huyaandika ubaoni. Mwalimu wa hadithi ile anatoka Tokyo, anaijua lugha ya wanafunzi, anasikia kila mnong'ono. Hearn hakusikia minong'ono. Yawezekana kabisa kwamba panzi walikuwapo Matsue pia, na kwamba mgeni asiyejua lugha, mwenye jicho moja, aliyelipwa vizuri na kuheshimiwa na gavana, hakufanyiwa mizaha, au alifanyiwa akadhani ni desturi.

Jambo hilo alianza kulihisi mwenyewe alipohama. Novemba 1891 aliiacha Matsue, ambako wanafunzi walimpa upanga kuwa zawadi ya kumuaga, akaenda Kumamoto kufundisha katika shule ya juu zaidi kwa mshahara mkubwa zaidi. Mji ulimchukiza, ulikuwa mji wa kambi za askari, na mahekalu ya kutembelea yalikuwa machache. Maandiko yake ya huko juu ya darasa, With Kyushu Students, yaliyotoka katika Out of the East mwaka 1895, hayana umaarufu wa shajara ya Matsue, lakini yafaa yasomwe mara tu baada yake. Wanafunzi hawa ni wakubwa, hawaji nyumbani jioni, hawaleti vitu vya kale. Anawapa mada juu ya kitu ambacho mtu hukikumbuka kwa muda mrefu kuliko vyote. Anawauliza maoni yao juu ya hadithi za Kizungu. Wanamjibu kwa ubaridi na kwa akili, na mara kadhaa wanamshinda. Kwa kuwa hakuna matembezi ya kumliwaza, mwalimu hana pa kukimbilia ila katika yale wanayosema. Sauti yake ni kavu zaidi huko, tena ni ya kweli zaidi. Ajabu ya kazi hii ya uandishi ni kwamba mwalimu aliandika vizuri zaidi juu ya watu pale mji ulipomnyima mandhari.

Katika wale wa Matsue waliobaki hai, Otani Masanobu alifika Chuo Kikuu cha Tokyo akasoma fasihi ya Kiingereza chini ya mwalimu wake wa zamani. Hearn alimlipia gharama za masomo, na kwa malipo hayo Otani alimkusanyia nyimbo, mashairi na habari za desturi, mwezi baada ya mwezi, akizifasiri kwa Kiingereza alichofundishwa katika nyumba ya kijivu. Mwalimu, ambaye jicho lake lilikuwa limezidi kudhoofika na ambaye mpaka kufa kwake tarehe 26 Septemba 1904 hakuweza kusoma kitabu cha Kijapani bila msaada, alikuwa akizipokea karatasi hizo kama zamani alivyozipokea insha za mwezi na za botan, akazisahihisha pembeni kwa kalamu, kisha akazitumia katika vitabu vyake.